Jinsi ya kutoa chembe za sumaku za volkano kwenye matope ya ziwa bila kuishia na bonge la udongo (mwongozo kamili)

Kila mtu akijaribu hii kazi stori ni ile ile. Ametoa matope Ziwa Naivasha ama Ziwa Elementaita, ameyaanika, ameyasaga kidogo, amepitisha sumaku, na sumaku imetoka na bonge la kahawia ambalo haijulikani ni udongo ama ni madini, alafu anauliza kama aliuziwa sumaku feki. Sumaku yako haina shida. Umeiingiza mapema mno. Kwa hii kazi maji ndiyo yanachambua, sumaku inakuja mwisho kukusanya tu, na ukiharibu pale kwa maji hata uwe na sumaku ya kuinua injini ya matatu utatoka na uchafu.

Tunachotafuta ni magnetaiti na ndugu yake titanomagnetaiti, madini meusi mazito yenye chuma yanayokua ndani ya lava ikipoa, alafu yanafika ziwani kwa njia mbili: ama yameanguka na majivu ya volkano, ama mvua na mito imeyakokota kutoka kwa miamba. Chembe nyingi hazifiki hata robo milimita. Ukimaliza hizi hatua utakuwa na kijichungu cha unga mweusi unaong'aa, mkavu, unaoteleza kwa karatasi bila kuacha alama ya udongo. Hiyo ndiyo picha ya kushika kichwani tangu mwanzo.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza, usianze ukisema utatafuta njiani.

- Matope mabichi, nusu kilo kwa kila sampuli inatosha.
- Sumaku mbili za nguvu tofauti. Ile dhaifu ni ile nyeusi ya spika mbovu. Ile kali ni ya neodimiamu, ile ya rangi ya fedha inatoka kwa hard disk ya kompyuta iliyokufa. Mafundi wa elektroniki pale Luthuli Avenue, Nairobi, wako nazo, uliza tu bei kabla hajajua ni za nini.
- Kikopo cha dawa cha plastiki chenye kuta nyembamba, sumaku iingie ndani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 kwa hivyo usisumbuke kuitafuta, kikopo ni bora hata, na ukikosa tumia kidole cha glavu ya daktari.
- Mitungi miwili ama mitatu ya maji ya lita tano iliyokatwa juu, ile unaona ndani.
- Chujio la chai la plastiki, na kipande cha soksi ndefu za nailoni.
- Kijiko cha plastiki ama mwiko wa mbao.
- Magadi, yale ya sokoni ya kulainisha mboga na githeri.
- Maji safi kama lita 20 hivi kwa kila sampuli.
- Sahani nyeupe, karatasi nyeupe, seloteipu, penseli, glavu.
- Mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi 0.01 g.
- Lensi ya kubana kwa kamera ya simu.
- Vipande viwili vya tailsi, tunataka ule upande wa nyuma usiong'aa.

Sasa sikiza hii vizuri, hakuna chuma chochote kinaruhusiwa hapa. Si kisu, si karai, si jembe, si sufuria, si waya wa kusugulia vyombo, si chujio la waya. Chuma kinaacha vipande vidogo, sumaku inavipenda kuliko hata magnetaiti, na utakaa hapo ukifurahia volkano kumbe ni karai ya mama.

Onyo la neodimiamu: mbili zikikutana zinabana kidole hadi damu, mtoto akimeza mbili zinaweza kushikana ndani ya utumbo na kuutoboa, hiyo ni hospitali mara moja. Weka mbali na mtu mwenye kifaa cha kuongoza moyo, na mbali na kadi ya benki yenye ule mstari mweusi.

## Hatua ya 1: Fanya jaribio tupu

Hii hatua watu wote wanaruka na ndiyo inawaangusha. Kabla hujagusa matope, fanya kazi nzima bila matope. Weka maji kwa mtungi, tia magadi, koroga na kile kijiko utatumia, pitisha kwa soksi, alafu zungusha sumaku kali ndani ya kikopo chake kwa dakika tatu. Toa, pangusa kikopo kwa karatasi nyeupe, angalia.

Kwa nini? Kwa sababu uko Nairobi. Vumbi la hapa lina vipande vya breki za magari, cheche za mafundi wa kuchomelea, kutu ya matangi na mabati, na hata udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu, Kabete na kwingineko umetokana na lava za zamani kwa hivyo nao una chembe zake za sumaku. Maji ya borehole yaliyopita kwa mabomba ya chuma yanaweza kuwa na kutu. Magadi yenyewe ni ya kuchimbwa na mara nyingi yana mchanga ndani, na huo mchanga umetoka Bonde la Ufa.

Kwa hivyo yeyusha magadi kando, acha yatulie, chukua yale maji ya juu peke yake. Hakikisha unafanyia kazi ndani ya nyumba, dirisha likiwa limefungwa, na kama jirani ni fundi wa geti na madirisha subiri afunge kazi.

Umefaulu kama karatasi imebaki nyeupe, ama ina doa moja mbili ambazo unaweza kuzihesabu. Ikiwa na vumbi jeusi la kuonekana, tafuta linatoka wapi kabla hujaendelea. Hiyo karatasi usiitupe, andika "tupu" na tarehe, utailinganisha na matokeo.

## Hatua ya 2: Chukua matope pahali panapofaa

Usichukue mchanga wa ufuo pale mawimbi yanapiga. Mawimbi yanaosha vitu vyepesi na kuacha vizito, unapata ule mstari mweusi kwa mchanga, na ni mzuri kwa kucheza na sumaku lakini haukuambii chochote kuhusu kile ziwa lilipokea. Unataka matope laini ya pahali palipotulia.

Naivasha enda na mashua ya watu wanaolijua ziwa. Viboko wa Naivasha wameua watu, si hadithi ya kutisha watoto, na matete na mafunjo ndiyo mahali wanajificha. Ongea kwanza na watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) pale ufuoni, watakuambia wapi pako sawa na wapi usikanyage. Ndani ya mbuga kama Hell's Gate na Longonot hakuna kubeba kitu bila ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori), na Elementaita ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011 kwa hivyo usifanye kazi ya kuiba iba. Kama ni utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi.

Ukitaka matope kwa tabaka, tumia bomba la plastiki la inchi mbili. Lisukume wima polepole, jaza maji hadi juu, ziba kabisa kwa kiganja ama kifuniko, alafu vuta. Ule uvutano wa hewa ndio unashikilia matope yasidondoke, ukisahau kuziba unatoa bomba tupu. Kabla hujafanya kitu kingine chora mshale kwa bomba kuonyesha juu ni wapi. Fanya hapo hapo kwa mashua, kwa sababu ukifika nyumbani pande zote mbili zinafanana.

Nyumbani sukuma matope yatoke kwa kijiti cha mbao chenye kitambaa, yatoke taratibu, na ukate kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwangua ile ngozi ya nje yote utupe, maana ilikuwa inasuguana na bomba na imechanganya tabaka.

Matope mengine yanatoka meusi tititi na yananuka mayai viza. Wengi wanaruka wakisema wamepata magnetaiti. Hapana, huo weusi kawaida ni salfaidi za chuma (chuma kilichoungana na salfa) zinazotengenezwa na bakteria pasipo hewa. Tandaza kidogo kwa sahani uache hadi asubuhi, kama rangi imefifia kuwa kijivu ama kahawia basi ilikuwa salfaidi. Magnetaiti haibadiliki rangi kwa usiku mmoja.

## Hatua ya 3: Vunja udongo kwa maji

Hapa ndipo kazi yote iko, kwa hivyo sitaharakisha.

Udongo wa ziwa umetengenezwa na visahani vidogo sana vinavyoshikana. Ndani ya kila bonge kuna chembe moja ama mbili za magnetaiti zimefungwa. Ukileta sumaku sasa, sumaku inavuta chembe, chembe inavuta bonge lake lote, na hilo ndilo lile bonge la kahawia. Na ukikausha matope kwanza ndio unaharibu kabisa, maana udongo ukikauka unajibana kama tofali na hauvunjiki tena vizuri. Kwa hivyo matope yakae mabichi tangu ziwani hadi mwisho.

Kwanza pima gramu 100 za matope mabichi. Pima pia gramu nyingine 100 za yale yale, hizo ndizo za kukausha kando ili ujue kuna maji kiasi gani. Mfano, zikibaki gramu 40 zikikauka, basi zile 100 zako za kazi zina gramu 40 za kitu halisi.

Weka zile za kazi kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha magadi (yaliyochujwa kama nilivyosema). Magadi yanafanya visahani vya udongo visukumane badala ya kushikana. Wenye maabara wanatumia chumvi ya fosfeti, na kama unaipata kwa duka la kemikali tumia, lakini magadi yanafanya kazi na ni bei ya sokoni. Koroga kwa dakika kumi, acha masaa machache, koroga tena, acha hadi kesho yake.

Kuna vitu viwili usijaribu. Usitumie blenda, visu vyake ni chuma. Na usichome matope kwa jiko eti uondoe mizizi na majani, hili wazo linarudi kila siku sijui nani alilianzisha. Matope yenye mabaki ya mimea yakipata moto wa nyuzi mia kadhaa, chuma kilichokuwa kutu ya kawaida kinageuka kuwa magnetaiti mpya. Utapata chembe nyingi sana za sumaku na zote umezitengeneza wewe kwa jiko. Kama kuna mabaki mengi ya mimea, mengine utayatoa kwa chujio, na yaliyobaki tumia hidrojeni peroksaidi ile ya 3% ya duka la dawa, kidogo kidogo kwa sababu inatoa povu, vaa glavu na usifunike chombo.

Matope ya Ziwa Magadi ama ya Elementaita yana chumvi nyingi, hapo kabla ya yote osha kwa maji matamu mara kadhaa hadi yasiteleze tena kama sabuni kwa vidole. Chumvi nyingi inafanya udongo ushikane tena hata ukitia nini.

Umefaulu ukiweka tone la uji wako kati ya vidole viwili na usihisi kibonge hata kimoja, ni ulaini na labda mikwaruzo midogo ya mchanga. Na ukiacha mtungi saa nzima maji ya juu bado ni machafu. Yakiwa yamesafika yenyewe haraka, udongo bado umeshikana, rudia na maji mapya na magadi zaidi kidogo.

## Hatua ya 4: Chuja takataka kubwa

Pitisha uji kwa chujio la plastiki, alafu kwa nailoni. Kinachobaki juu ni mizizi, konokono, vijiwe. Usitupe bila kuangalia, unaweza kupata vipande vya jiwe jepesi lile la kusugulia visigino, ambalo ni povu la lava lililoganda, na hilo ni dalili nzuri kabisa kuliko hata sumaku. Liweke kando na namba ya sampuli.

## Hatua ya 5: Osha kwa saa, si kwa macho

Watu wanamwaga maji "yakionekana sawa". Hapana, tumia saa ya simu.

Kila kitu kinazama kwa mwendo wake. Kwa maji ya nyuzi 20 hivi, mchanga wa kawaida wenye upana wa maikroni 63 (maikroni elfu moja ni milimita moja) unashuka sentimita 10 kwa karibu nusu dakika. Wa maikroni 20 unachukua kama dakika tano. Udongo wenyewe, maikroni mbili, unachukua karibu masaa nane. Na magnetaiti ni nzito, gramu 5.2 kwa kila sentimita mchemraba wakati mchanga ni 2.65, kwa hivyo yenyewe inashuka haraka zaidi, chembe ya maikroni 40 ya magnetaiti inafika chini pamoja na ya mchanga ya maikroni 63.

Sasa fanya hivi. Jaza mtungi hadi maji yawe na kina cha sentimita 10, weka alama ya penseli nje. Koroga kwa nguvu, acha mkono, anza saa. Dakika tano zikiisha mimina maji ya juu polepole, ukiacha sentimita mbili chini usiziguse. Jaza tena, koroga, dakika tano, mimina. Mara mbili za kwanza tumia maji ya magadi, zinazofuata maji matupu.

Rudia hadi baada ya dakika tano maji ya juu yawe unaweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Matope ya Naivasha yanaweza kukuzungusha mara kumi na zaidi, usichoke, na usipunguze muda ati uende haraka kwa sababu ukimwaga kwa dakika mbili unatupa chembe zako.

Kuna unachopoteza hapa na ni vizuri ukijue. Magnetaiti ndogo kuliko maikroni 12 hivi inaenda na maji machafu. Humo ndani kuna vumbi laini la volkano, lakini pia kuna magnetaiti ya bakteria, maana kuna bakteria wanaotengeneza vijichembe vya sumaku ndani ya miili yao, vidogo kuliko maikroni moja. Sisi tunataka za volkano kwa hivyo hasara hiyo ina faida yake. Kama unataka zile ndogo, weka maji ya kumwaga kwa ndoo, usiyatupe, hiyo ni kazi nyingine na inahitaji vifaa vya maabara.

## Hatua ya 6: Sasa ingiza sumaku

Saa hii chini ya mtungi uko na mchanga laini safi. Ongeza maji ya vidole vinne. Weka sumaku kali ndani ya kikopo, funga, zungusha kikopo polepole ndani ya maji kwa dakika mbili tatu, ukigusa chini na pembeni. Toa, peleka kwa bakuli la maji safi. Kikopo kikiwa bado kwa hayo maji, mdomo wake ukiwa juu usiingie maji, kifungue uchomoe sumaku, alafu tikisa. Chembe zote zinaanguka. Rudi tena kwa mtungi, fanya hivyo hadi kikopo kitoke kitupu.

Usichovye sumaku uchi hata siku moja. Chembe zitashika kwa chuma chake na hutazitoa tena, utakuwa unazikwangua hadi wiki ijayo.

Lakini usisimame hapo. Kilichoko kwa bakuli bado kina mchanga ulionaswa katikati ya chembe, kwa sababu chembe za sumaku zinashikana zenyewe na kufungia vingine ndani. Kwa hivyo rudia mchezo ule ule kutoka bakuli la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, kila mara sumaku ikiwa nje koroga vizuri kabla ya kuirudisha. Kila bakuli linaacha uchafu nyuma. Bakuli la tatu ama la nne huwa safi.

Umefaulu ukiweka sumaku chini ya sahani nyeupe yenye maji kidogo na chembe zinasimama kama miiba ya nungunungu, nyeusi, na katikati yao hakuna kitu cheupe wala cha kahawia. Zikilala tu kama tope basi rudi bakuli lingine.

## Hatua ya 7: Gawa mafungu mawili

Wengi hawajui kuna hii. Sumaku kali inakamata vitu vingi, pamoja na ilmenaiti (madini mengine meusi yenye chuma), vipande vya lava vyenye doa la magnetaiti ndani, na hata madini ya kijani kizito kama piroksini yenye chuma. Sumaku dhaifu ya spika inakamata magnetaiti na titanomagnetaiti, mengine inayaacha.

Kwa hivyo pitia tena na ile dhaifu, pia ndani ya kikopo, kwa kile ulichokusanya. Kinachofuata dhaifu ni fungu A. Kinachobaki ni fungu B. Usitupe B, ndani yake mara nyingi ndiko vipande vyenye kioo cha volkano (lava iliyoganda ghafla) viko, na vinakusaidia sana kwa hatua ya 9.

## Hatua ya 8: Kausha na upime

Mimina maji ukiwa umeshikilia sumaku chini ya sahani ili chembe zisiende nayo. Acha sahani pahali pa joto pasipo upepo, ifunike na karatasi, vumbi la Nairobi halilali. Usiweke kwa moto. Zikikauka zifagie kwa brashi laini ya rangi hadi kwa karatasi iliyokunjwa uzito wake umeshapima, pima tena, toa.

Mfano wa hesabu: matope makavu gramu 40, fungu A gramu 0.30. Gawanya, zidisha kwa mia, unapata 0.75%. Kwa hizi mizani ndogo chochote chini ya gramu 0.05 usikiamini, chukua matope mengi zaidi. Na ondoa sumaku kali karibu na mizani, mizani nyingi zina chuma ndani na zitakudanganya.

## Hatua ya 9: Ni za volkano kweli?

Kufuata sumaku si cheti cha kuzaliwa. Chukua punje chache kwa seloteipu, ubandike kwa karatasi nyeupe, tazama kwa lensi ya simu kwenye mwanga wa jua.

Za volkano zina kona kali na nyuso bapa, nyingine zina vipembetatu vinavyong'aa maana magnetaiti inakua na nyuso nane. Ukiona punje nyeusi imeshikwa na kipande cha kioo kinachopitisha mwanga, ama imezama ndani ya fuwele nyeupe, hiyo ndiyo dalili ya uhakika unayoweza kupata nyumbani.

Vigololi vya mviringo kamili vinavyong'aa, hizo ni cheche za kuchomelea ama moshi wa viwanda. Vichache sana vinaweza kuwa vumbi la kutoka anga za juu lakini kabla hujapiga simu kwa watu wa televisheni rudi uangalie karatasi yako ya "tupu". Vipande vilivyojikunja ama vyembamba kama kucha ni chuma cha kiwandani. Ponda punje kati ya vipande viwili vya tailsi, magnetaiti inapasuka kuwa unga, chuma kinalala bapa.

Ule unga usugue kwa nyuma ya tailsi. Mstari mweusi ni magnetaiti. Mwekundu wa damu ya mzee ni hematiti, ambayo inaweza kuwa kutu ya udongo tu na si ya volkano moja kwa moja.

## Ukitaka kulinganisha tabaka

Hapa ndipo watu wenye kazi safi kabisa wanakosea maana. Wameona tabaka moja lina sumaku mara tatu ya jirani zake, wanaandika "mlipuko". Polepole.

Naivasha imezungukwa na volkano, Longonot upande mmoja, Olkaria na Eburru upande mwingine, na mito ya Malewa na Gilgil inaleta mchanga kutoka kwa miamba ambayo nayo ni ya volkano. Mvua kubwa ikipiga mteremko uliolimwa, ziwa linapokea magnetaiti nyingi bila volkano yoyote kukohoa. Magnetaiti hiyo ni ya volkano kwa asili, ndio, lakini tabaka ni la mafuriko.

Na kinyume chake kipo. Majivu meupe ya aina ya rayolaiti, kama miamba ya Olkaria ilivyo, ni kioo kitupu kwa sehemu kubwa na yana magnetaiti kidogo ukilinganisha na basalti, lava ile nyeusi. Tabaka la majivu kama hayo linaweza kuonekana kwa hesabu zako kama shimo, sumaku imeshuka badala ya kupanda. Kwa hivyo usiangalie namba peke yake. Tabaka la majivu liko na mpaka mkali juu na chini, rangi tofauti, linakwaruza kwa vidole, na kwa lensi limejaa vipande vya kioo vyenye kona na matundu ya povu. Tabaka la mafuriko lina mchanganyiko, mabaki ya mimea, na punje zilizochakaa kona.

La tatu, ukikuta chini kabisa hakuna sumaku, usiseme volkano zilikuwa zimelala. Kwa matope yale ya mayai viza salfaidi inakula magnetaiti polepole na kuigeuza kuwa pairaiti, ambayo sumaku haiishiki. Zile kubwa zinabaki muda mrefu, ndogo zinaisha kwanza.

Ukiwa na namba za tabaka kumi na zaidi na unataka kuzithibitisha, ulizia wanajiolojia, wako kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Beba sampuli mbichi ambazo hazijaguswa, si unga uliokwisha kuosha, wataalamu watataka kupima matope yenyewe.

## Kuhifadhi

Fungu A na B kwa vichupa vya glasi tofauti, vikavu kabisa, kwa sababu unyevu unazipiga kutu. Usiweke sumaku kwa boksi moja nazo, zitashikana mabonge na kurudisha kazi nyuma. Matope mabichi yaliyobaki yafunge yasipate hewa, yakae kwa friji, na umwambie kila mtu nyumbani ni nini kabla hajayatupa. Kwa lebo andika kwa penseli maana wino unayeyuka: ziwa, pahali, kina cha maji, sentimita ngapi kutoka juu ya matope, tarehe, na uzito mkavu ulioanza nao. Ile karatasi ya "tupu" ikunje uiweke ndani ya boksi hilo hilo.